Kamati ya Wasiolala Hapa

Kila mvua iliponyesha, Margaret alianza siku yake kwa kuchota maji chumbani kwa sufuria. Baada ya hapo ndipo alipopanga nyanya na sukuma wiki mlangoni, akawangoja wateja.

Mtaa wa Mkengeni, mjini Voi, haukuwa na mfereji wa kutoa maji ya mvua. Haukuwa na njia ya kupita gari la zimamoto. Margaret na mumewe Danson walipanga chumba cha mwisho katika safu ya vyumba kumi na viwili. Waliishi hapo miaka ishirini na miwili, na watoto wao wote walizaliwa hapo. Hata hivyo, Margaret alipoulizwa anakaa wapi, alijibu, “Kwetu ni Makwasinyi. Hapa nimekuja kutafuta tu.”

Wapangaji wenzake walijibu hivyo hivyo. Huyu alisema kwao ni Njukini, yule Mwatate. Danson, ambaye alikuwa fundi wa mawe, alikuwa akijenga nyumba Makwasinyi kwa mwaka wa tisa. Ilikuwa nyumba nzuri. Hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake.

Mwezi wa Machi likaitishwa baraza. Vincent, afisa wa mipango ya mji, alieleza kwamba mtaa utapangwa upya. Utapata barabara na mfereji, na ploti zilizo wazi zitajengwa.

“Chagueni watu saba,” alisema. “Hao ndio watakaotuongoza kupanga nini kipite wapi. Chagueni watu wanaoishi hapa. Wawemo wenye ploti na wapangaji, akina mama, vijana, na mtu mwenye ulemavu.”

Bi Umi, aliyekuwa na duka la nafaka, akasimama. “Mie namtaja Mama Abby,” alisema, akimwonyesha Margaret, ambaye watu walimwita kwa jina la bintiye mkubwa. “Huyu aujua mtaa wote. Ajua maji yaanza kuingia kwa nani.”

Margaret alianza kuinuka. Danson akacheka kwa sauti.

“Bi Umi, unataka kuniibia bibi mchana kweupe?”

Watu wakaangua kicheko.

“Sisi ni wapangaji,” Danson akaendelea. “Kwetu ni Makwasinyi. Mambo ya ploti waachiwe wenye ploti.”

Akapigiwa makofi. Margaret akaketi. Vincent aliuliza mara mbili kama kuna mpangaji anayetaka kusimama. Hakuna aliyesimama. Basi akaandika majina ya wenye ploti saba. Wanne kati yao waliishi Mombasa na Nairobi. Silvanus, aliyefanywa mwenyekiti, hakuwa hata barazani. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na ploti tatu.

Mwezi wa Julai, Margaret alikwenda ofisini kwa chifu kuchukua fomu ya shule ya mwanawe. Ukutani aliona ramani. Vincent alikuwa hapo akijibu maswali.

“Mstari huu mwekundu ni nini?” Margaret akauliza.

“Ni barabara.”

“Na hivi visanduku vilivyokatwa na mstari?”

“Vyumba vitakavyobomolewa. Kumi na viwili.”

Margaret alivihesabu mwenyewe, polepole. Kisha akaweka kidole kwenye ploti tupu ya Silvanus. “Mbona haipiti hapa, na pako wazi?”

“Hapo ndipo ilipopita kwanza. Kamati ikaomba isogezwe.”

“Kamati gani?”

“Mliyoichagua, mama.”

“Na sisi tutapelekwa wapi?”

Vincent aliinamisha kichwa. “Orodha ya wakazi ililetwa na kamati. Ina wenye ploti peke yao. Kwenye karatasi zetu, safu yenu haina mtu. Nami nina kosa. Siku ile nilipaswa kukataa kuandika majina yale. Sikukataa.”

Kisha akamweleza. “Mkazi si yule atakayezikwa hapa. Mkazi ni anayelala hapa na kuteka maji hapa. Tangazo hili chini ya ramani linatoa siku za kupinga mpango, na zimebaki kumi na moja. Andikeni barua. Kila mmoja atie sahihi na namba ya kitambulisho. Semeni kamati haina mpangaji hata mmoja, na wengi wa wajumbe wake hawaishi hapa. Ombeni uchaguzi mwingine.”

Margaret alirudi nyumbani, akamkuta Danson akinoa patasi yake.

“Baba Abby, serikalini safu yetu haina mtu.”

Alipomaliza kumweleza, Danson alisema, “Siku ile nilikuwa natania.”

“Na ukapigiwa makofi.”

Danson akaweka patasi chini. Siku iliyofuata walipita pamoja nyumba kwa nyumba. Watu themanini na watatu wakatia sahihi.

Uchaguzi wa pili ulifanywa kwa njia nyingine. Kila safu ya nyumba ilikutana na kuchagua watu wake, na aliyepiga kura ni yule anayeishi hapo. Bi Umi alichaguliwa. Katunge, mpangaji aliyetembea kwa magongo, alichaguliwa na vijana wa safu ya Margaret, na wazee wakamwongeza Margaret mwenyewe. Kamati mpya ilitembea mtaa mzima, ikaandika jina la kila mpangaji.

Lakini katika ploti ya Silvanus msingi ulikuwa umekwisha kumwagwa, na kibali cha kujenga alikuwa nacho.

“Hapo tumechelewa,” Vincent alisema. “Barabara haiwezi kurudi. Badala yake tunaweza kupitisha njia ya miguu na mfereji. Itachukua chumba kimoja badala ya kumi na viwili. Ama cha mwisho upande huu, ama cha mwisho upande ule.”

Upande mmoja aliishi Katunge. Upande wa pili, Margaret.

Margaret akasimama. “Jambo hili linatugusa. Mimi na Katunge hatufai kulipigia kura.”

Wakatoka nje, wakaketi kwenye ngazi.

“Ukihamia mbali, mboga utamuuzia nani?” Katunge akauliza.

“Na wewe ukihamia mbali, chooni utafikaje?”

Walipoitwa ndani, Margaret alielewa kabla ya kuambiwa, kwa kuwa hakuna aliyemtazama.

Vyumba kumi na kimoja vilibaki. Hakuna mpangaji aliyehamishwa kabla ya kuonyeshwa pa kwenda. Margaret alipewa chumba upande wa juu wa mtaa, karibu na makaburi, mahali ambapo wapita njia ni wachache. Jioni mboga zake nyingi zilirudi ndani zimenyauka.

Mwezi wa Novemba mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi Danson alishuka kutazama, akarudi ameloa.

“Mfereji unafanya kazi,” alisema. “Hakuna nyumba iliyoingia maji. Yamepita vizuri kabisa.”

“Yamepita mahali tulipokuwa tukilala,” Margaret akasema, akaendelea kuchambua mboga.