Mgonjwa Mpole wa Kitanda cha Dirishani

Sista aliuliza swali la kila siku tu, mgonjwa anajisikiaje, na mgonjwa alikuwa na jibu tayari. Mkono wenye dripu umevimba, sindano imetoka kwenye mshipa, na aliyeichoma arudishwe chuo akaanze upya. Hayo ndiyo aliyokusudia kusema. Akafungua kinywa, na sauti yake mwenyewe ikatoka taratibu, laini: "Sijambo, sista. Asante kwa kuuliza."

Sista alimtazama mara mbili, akatabasamu, akaenda kitanda cha pili. Mgonjwa akabaki ameduwaa, maana maneno yale hakuyasema yeye.

Na sista naye alikuwa na haki ya kushangaa. Mgonjwa huyu alikuwa daktari bingwa wa wodi hiyohiyo, na watu walimwita Radi kwa jinsi alivyonguruma. Kazi aliijua barabara, hilo hakuna aliyembishia. Ila mdomo wake, Mungu apishe mbali. Kwenye raundi alisimama miguuni pa kitanda akazungumza na madaktari wenzake tu, kana kwamba pale pamelala gunia, na mgonjwa akithubutu kutia neno, jibu lilikuwa lilelile: "Lala, mgonjwa. Hakuna kitu." Mkewe nyumbani naye alishibishwa jibu hilo. Alikuwa na goti lililomsumbua muda mrefu, na kila alipolitaja, Radi alisema ni umri, huku macho yako kwenye sahani.

Basi asubuhi moja Radi alikuwa koridoni akimfokea mfanyakazi mmoja kwa sababu ya kitanda cha magurudumu kibovu, na katikati ya neno akashika kifua, akaanguka. Moyo ukasimama. Wenzake wakamvuta ndani, wakamkandamiza kifua, wakampiga shoti za umeme, wakahangaika naye hadi jasho likawatoka, na mwisho moyo ukaanza tena kudunda. Wakapongezana, na walistahili. Hakuna aliyejiuliza kama katika ule muda ambao nyumba ilikuwa wazi na mwenyewe hayupo, kuna mwingine aliyepita mlangoni.

Tangu hapo Radi hakuambulia neno lake hata moja. Alitaka kuwaambia dozi ya dawa ya usingizi imezidi; kinywa kikasema dawa inamfaa sana. Alitaka wafunge dirisha, jua linamchoma usoni. Kinywa kikasifia mwanga. Akimwita sista kwa nguvu zote za moyo wake, kinachotoka ni "pole na kazi, mama." Jamani, mtu aliyezoea kukohoa tu wodi nzima ikasimama wima, leo amefungiwa ndani ya kifua chake mwenyewe kama mtoto aliyefungiwa stoo, anapiga mlango na hakuna anayesikia. Alikasirika mpaka akataka kulia, na hata machozi hayakutoka.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba wodi ilifurahi. Wafagiaji walikuja kumsalimia. Sista akamwambia mwenzake, mbele yake kabisa, kwamba laiti mzee huyu angeugua mapema. Radi akasikia kicheko kidogo, na hakikutoka kwa masista. Kilitoka chini ya mbavu zake.

Ndipo alipoanza kusikia harufu ngeni. Wodi ilinuka dawa ya kupigia deki na mashuka yaliyochemshwa, harufu aliyoizoea miaka nenda rudi, lakini juu yake sasa ilikuja harufu ya waridi, tamu hadi inakera kooni, na ilizidi kila kinywa chake kilipofunguka. Wagonjwa wa jirani waliulizana nani kajipulizia marashi. Daktari kijana, mwanafunzi wake wa zamani, alikuja kumpima moyo. Akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akakunja uso. Akakigongagonga kile kipimo, akasikiliza tena. Radi aliona rangi inampotea usoni, akajua kijana kasikia anachokisikia yeye: moyo unadunda, na nyuma yake kuna wa pili, unaofuata hatua moja nyuma kwa subira, na kati ya miwili hiyo kuna mtu anaimba kwa kinywa kilichofumbwa.

"Vipi, daktari?" kinywa kikauliza. "Kuna kitu?"

Kijana alivua kipimo masikioni. Akasema hakuna kitu, mzee alale tu. Akaondoka haraka, na siku iliyofuata alitumwa mwingine.

Hapo hasira ya Radi ikaanza kuchanganyika na woga, kwa sababu aligundua kuwa ulimi ulikuwa mwanzo tu. Mchana mmoja, wodi imetulia na jua limejaa sakafuni, aliona mkono wake wa kulia ukiinuka peke yake kutoka kwenye shuka, ukageuka huku na huku kama mtu anayejaribu glavu dukani, ukakunja kidole kimoja kimoja, ukashuka ukapapasa uso, pua, ndevu, kope, bila haraka yoyote, na alipotaka kuuzuia akakuta mahali alipokuwa akiushikia mkono huo pamekwisha, ni ukuta, na ukuta ule ulikuwa unasogea kuja upande wake, na yeye anarudi nyuma, anarudi nyuma ndani ya mwili aliozaliwa nao, hadi akabaki na macho tu.

Tumaini lake lilikuwa mkewe. Wodi ina watu waliozoea kazi, alijiambia, lakini mtu uliyeishi naye nyumba moja tangu ujana hawezi kudanganyika. Atanijua. Akaishikilia fikra hiyo kwa meno.

Mkewe alikuja saa ya kuona wagonjwa, akachechemea hadi kwenye kiti, akaweka chupa ya uji juu ya kabati. Alianza kumweleza habari za nyumbani kwa haraka haraka, kama kawaida yake, kabla hajakatizwa. Hakukatizwa. Kinywa kilisubiri hadi akamaliza, kisha kikasema: "Na goti lako vipi leo? Limepungua?"

Mwanamke alimtazama. Akanusa hewa. Akakivuta kiti nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akanong'ona bila kusogeza midomo sana, "Wewe ni nani?"

"Mumeo. Nimechelewa tu kukuuliza."

Akainuka akatoka bila kuaga, hata uji akausahau. Radi ndani ya giza lake alikaribia kucheza ngoma. Kang'amua! Huyo ndiye mke, si hawa walioona heshima mbili tatu wakapumbazika.

Kesho yake alirudi na shangazi yake. Shangazi huyu alikuwa mtoaji wa majini, na Radi alikuwa amempiga marufuku nyumbani, hata salamu yake alikuwa haitikii. Mama wa watu hakuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya kikohozi. Leo Radi alimwona anaingia na chupa yake ya maji na roho ikamtulia. Aibu iliyoje, lakini aibu si kitu. Sista aliwaambia wasiwashe chochote, kuna mitungi ya oksijeni, akavuta pazia kuzunguka kitanda akawaachia nafasi.

Shangazi alilowesha kiganja, akakiweka kwenye paji la uso la mgonjwa. Mkono ulikuwa baridi na mzito. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, maneno yakafuatana bila pumzi kati yake, na Radi akahisi ule ukuta unatikisika, unapasuka, mwanga unapenya, na shangazi akasema, "Mko wawili humu. Uliyejificha, jitokeze. Sema."

Na mlango ukafunguka. Mwanya ule ulikuwa wake. Alichotakiwa kusema ni neno moja la upole, mke wangu, ni mimi, nisaidie. Na mtu mwingine angelisema. Lakini Radi alikuwa amejaa. Dripu, dozi, jua la usoni, kicheko cha masista, siku zote zile za kupiga mlango, vyote vilisukumana kwenye koo moja kwa wakati mmoja, na kilichotoka kilikuwa ngurumo iliyotikisa chuma cha kitanda.

"Ondoa mkono wako mchafu! Nani kakuruhusu kuingia wodini kwangu na vichupa vyako? Na wewe, mpumbavu mkubwa, umesimama unatazama nini? Siku zote hizi huoni?"

Sista upande wa pili wa pazia alidondosha trei. Mwili ulijipinda, mate yakaruka, mishipa ya shingo ikasimama. Kisha, kwenye kinywa hichohicho, ngurumo haijakatika vizuri, ikapenya ile sauti laini, yenye kutetemeka sasa, na harufu ya waridi ikajaa ndani ya pazia. "Mama, usiogope. Kaa chini, goti litakuuma."

Shangazi hakuondoa kiganja. Alimgeukia mpwa wake, akaongea kwa kunong'ona. "Mwanangu, mimi sijaishi na mumeo. Wewe ndiye unayejua. Huyu anayefoka, unamjua?"

Mkewe alisogea karibu. Akainama, akamtazama Radi ndani ya macho, ndani kabisa, hadi pale alipokuwa amejibanza. Muda mrefu. Na Radi akaona kwamba amemjua. Hapakuwa na shaka. Alimjua kama anavyojua njia ya jikoni. Akataka kumwita, na kwa mara ya kwanza maishani akatafuta neno zuri la kumwambia, akalikosa.

Mwanamke akajinyoosha. Akakaa kwenye kiti, akashika goti lake.

"Simjui huyu, shangazi," alisema. "Mtoe."

Akatolewa. Haikuchukua muda, wala haikuuma; ni baridi tu, halafu akajikuta amesimama miguuni pa kitanda, mahali alipozoea kusimama. Akauona mwili wake unahema vizuri, mkewe anaufuta mate kwa kanga. Akauona ukiruhusiwa kwenda nyumbani, ukishukuru kila mtu kwa jina lake, ukimpa mkewe bega la kuegemea hadi mlangoni. Alitaka kuwafuata. Miguu haikutoka pale.

Kitanda cha dirishani kina mgonjwa mpya sasa, mtu wa makamo aliyepasuliwa tumbo. Analalamika kwamba miguu yake haipati joto hata akiongezewa blanketi, na kwamba kuna mtu amesimama pale chini anamfokea bila kutoa sauti. Sista humtandikia vizuri, humpapasa bega.

"Lala, mgonjwa," humwambia. "Hakuna kitu."