Fomu Isiyokuwa na Neno la Mauwa

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, Herieth alifika Mabibo kumjulia hali Mauwa, yatima wa miaka tisa. Herieth alikuwa mhudumu wa kujitolea wa ustawi wa watoto mtaani hapo. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu.

Shangazi aliyemlea mtoto, Mama Sadallah, alimkaribisha kwa chai na mihogo. Mauwa alimwamkia mgeni, akampa kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Kushoto tena! Umeona, sista? Hafundishiki huyu," alisema shangazi. Mauwa akatoka.

"Anakula vizuri?" Herieth aliuliza.

"Anakula kunishinda mie!"

Wakacheka. Mtu wa adabu huzungumza na mwenye nyumba. Ndivyo Herieth alivyolelewa. Akaandika kwenye fomu: *Mtoto yuko salama.*

Jumatatu iliyofuata, wahudumu waliitwa kwenye mafunzo. Mwalimu alikuwa Dokta Tekla, mtafiti wa huduma za watoto. Aliisoma fomu ya Herieth polepole.

"Mwandiko mzuri, mwanangu. Mtoto mwenyewe alisema nini?"



"Dokta, ukimruka mwenye nyumba utafukuzwa kwa ufagio!" alisema Gozbert, mhudumu mwenzake. Watu wakacheka. Dokta Tekla hakucheka.

"Miaka ishirini na mbili iliyopita nilijaza fomu kama hii kuhusu mtoto mmoja. Siku ya tisa tulimzika mtoto yule. Tangu hapo nachunguza jambo moja: sisi tunaowatembelea watoto, tumefundishwa nini? Kaa na mtoto kando. Usimtilie maneno mdomoni. Usimwahidi siri. Andika alivyosema."

Herieth alikumbuka ule mkono wa kushoto. Mafunzo yalipokwisha, alikwenda Mabibo moja kwa moja.

"Leo nimemfuata Mauwa, dada. Tutakaa pale nje. Utatuona."

"Makubwa! Mtoto ana siri gani na wewe?"

Herieth hakubishana. Alikaa chini, sawa na mtoto. "Nisimulie siku yako, tangu unapoamka."

Mauwa alitazama mlangoni kwanza. "Usimwambie mtu."

"Siwezi kukuahidi hivyo. Nitamwambia anayeweza kukulinda."

Mtoto akafunua kanga aliyojitanda. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua, umevimba, unanuka. "Shangazi alinibandika mwiko wa moto. Nilimwaga uji."

Herieth aliandika maneno hayo vilevile. Hakuondoka. Alimpigia simu afisa ustawi wa jamii, naye akaja na askari wa dawati la watoto. Jioni hiyo Mauwa alilazwa hospitali.

Sasa anaishi Kimbiji kwa bibi yake na anasoma. Vidole viwili havikunjiki. Daktari alisema angeletwa siku tano mapema, vingepona. Herieth aliliandika na hilo kwenye taarifa yake, pamoja na jina lake mwenyewe, kama mtu aliyefika Jumatano ile bila kumuuliza mtoto. Katika mtaa ule, hakuna tena fomu inayopokelewa bila maneno ya mtoto.

Wewe uliyesoma, msomee na jirani asiyejua kusoma. Mwambie: ukishuku kwamba mtoto anateswa, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, bila malipo. Usingoje ziara ya nne.