Sufuria za Bibi Hajrija

Kila siku baada ya shule, Merima alishuka hadi jiko la mtaa, karibu na daraja, kuchukua chakula cha nyumbani. Baba yake, Fadil, alikuwa fundi wa mapaa. Tangu aanguke na kuvunjika nyonga alikuwa mtu wa kitandani, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kugonga mlango kwa ngumi akidai kodi. Ndipo akina mama wa mtaa, wakiongozwa na Bibi Hajrija, walipoiingiza familia ile katika mpango wao. Walichangishana maharagwe, viazi na nyama, wakapika, kisha kila familia iliyokwama ikapewa sufuria yenye mfuniko. Kesho yake unairudisha na kuchukua nyingine. Jambo rahisi kabisa, lakini Merima hakuwa amerudisha hata moja.

"Asalaam aleikum, Bibi."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Sufuria ya jana iko wapi?"

"Mama bado anaisugua."

"Ataitoboa mwaka huu!" Bibi Hajrija alicheka huku akipakua. "Hebu mwambie aje, nina neno naye."

"Anaumwa kichwa, Bibi."

Uongo mtupu! Mama yake, Senija, alikuwa mzima. Sufuria zote zilikuwa chini ya kitanda, zimeoshwa na kung'aa. Huku Bosnia, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mchuzi, unamrudishia chombo chake kikiwa na kitu ndani, hata kama ni matofaa mawili. Senija hakuwa na tofaa hata moja, basi kila jioni alisukuma sufuria nyingine uvunguni, na kila mchana Merima alitunga uongo mwingine.

Alhamisi moja alikuta watu wamesimama jikoni bila kupata kitu.

"Oya, Merima!" Dino, mwanafunzi mwenzake, alipaza sauti. "Kwenu mmefungua duka la sufuria?"

Watoto wakaangua kicheko. Bibi Hajrija hakucheka.

"Sufuria zimekwisha," alisema. "Wazee wa kilimani leo watakula mkate mkavu. Siwezi kuwapelekea maharagwe kwenye mfuko wa koti."

Dino akaacha kucheka. "Lakini nyanya yangu hana meno, Bibi. Mkate mkavu ataufanyaje?"

Merima aligeuka akapanda mtaa mbio, mikono mitupu, uso ukimwaka moto.

"Mama, tuzirudishe! Leo hii!"

"Nitazirudisha kesho," Senija alisema. "Kesho nitapata cha kutia."

"Kila siku kesho! Wazee wanalala njaa!"

"Na mimi nitie nini humo, mwanangu? Maji? Marehemu bibi yako angefufuka anichape kwa mwiko!"

"Senija," Fadil aliita kutoka kitandani, "mama yangu hakuwahi kumnyima mzee chakula kwa sababu ya haya."

Senija alifunika uso kwa aproni yake. Merima hakungoja. Alizitoa sufuria uvunguni, akazipanga ndani ya toroli, akatoka. Mtaa ule ni wa mawe, na sufuria tupu hazijui kutunza siri. Zilipiga kelele hadi madirisha yakaanza kufunguka, na Senija akatoka mbio na kandambili zake.

"Merima! Simama! Mtaa mzima unasikia kwamba ni tupu!"

"Basi wasikie, Mama! Nyanya yake Dino hana meno!"

Senija alisimama katikati ya njia akihema. Aliyatazama madirisha, akamtazama binti yake. Kisha akashika mkono mmoja wa toroli, naye Merima akashika mwingine, wakashuka pamoja.

Mlangoni pa jiko, Senija aliinamisha kichwa. "Zote ni tupu, Bibi. Sina cha kutia. Niliona aibu."

"Na mimi nilisema uongo," Merima alidakia. "Mama hakuumwa kichwa. Sikumwambia hata kwamba unamwita."

Bibi Hajrija alijaza sufuria ya kwanza, akamkabidhi Dino, naye akaondoka nayo kilimani mbio. Ndipo alipomgeukia Senija.

"Nilipofiwa na mume wangu, jiko hili lilinilisha mimi na wanangu. Siku ya kwanza nilirudisha sufuria tupu huku nalia njia nzima. Unajua waliniambia nini? 'Ilete tupu, maana iliyojaa hatuwezi kuipakulia.' Halafu wakanipa mwiko nipike. Nawe nimekutafuta siku zote hizi, Senija. Tumepata tanuri, tunataka kuuza pai sokoni. Nusu ya mapato ni ya mpishi, nusu inalisha jiko. Nani mtaani hapa anatandaza unga mwembamba kama wako? Kazi inakungoja, nawe umejifungia na sufuria zangu!"

Senija alilia, kisha akacheka, kisha akauliza unga uko wapi.

Kabla theluji haijaanguka, mwenye nyumba alikuwa akigonga mlango kwa adabu. Fadil alijikongoja kwa magongo hadi jikoni na kukata vitunguu akiwa amekaa, huku akilalamika kwamba anaonewa. Familia ile haikuhitaji tena chakula cha mpango.

Siku walipoacha kukichukua, Merima alimsaidia mama yake kukunja pai za viazi.

"Mama, bado unaona aibu?"

"Naona aibu kwamba nilijificha," Senija alisema. "Shida si dhambi, mwanangu, ila ukiificha kwa uongo unamfungia mlango hata anayekuja kukusaidia, na mwingine analala njaa kwa sababu yako. Nilifundishwa kutoa tangu utotoni. Kupokea ndiko sikufundishwa, na asiyejua kupokea huwanyima wenzake nafasi ya kutoa."