Anarudi Kusimama Kitandani

Kama hujawahi kumsikia Fundi Mbwembwe akijisifu, basi masikio yako bado mapya. Yule bwana akichomelea geti, anakwambia hata kifaru akiligonga ataomba radhi. Akitengeneza kiti, anakwambia ukikikalia, maumivu ya mgongo yanahama mtaa. Watu walikuwa wanapita karakana kwake kumsikiliza tu, hata kitasa cha kutengeneza hawana.

Jioni hiyo mdogo wake wa kike akamtumia ujumbe. Kaka, kitanda kinalia, njoo ukitazame.

Kitanda tu. Kazi ya kukaza nati. Fundi akatia spana na grenda yake ya kukatia chuma mfukoni mwa baiskeli, akaondoka jua likiwa linazama nyuma ya daraja la reli.

Sasa lile daraja. Huko kwao yako madaraja ya reli ya zamani kadhaa, na hilo ndilo babu yao. Zamani mpaka linaudhi! Ukimsikiliza Fundi, atakwambia daraja ndilo lilitangulia, mto ukaja baadaye ukaomba kupita chini. Wageni wanakuja na kamera, wanalipapasa kama shavu la bibi yao. Ni refu, jembamba, mtu hana pa kupita ila juu ya reli yenyewe. Ndiyo maana waliolijenga waliweka katikati kibaraza kidogo cha chuma, kimetokeza pembeni juu ya maji, kina uzio wa kushikilia. Treni ikikukuta darajani, unaingia kibarazani, unabana mgongo, inapita, unaendelea na safari zako.

Kilikuwepo. Siku hizi hakipo.

Fundi akazunguka njia ya mbali, ya kivuko cha mawe. Tangu msiba wa shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, darajani hapiti. Akiulizwa anasema baiskeli yake inaogopa urefu.

Dada yake alikuwa mlangoni anamsubiri, binti yake mdogo kamkumbatia mguu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Upepo ukivuma si tutakuokota kwa jirani?"

Dada hakucheka.

Chumba kilikuwa kidogo. Kabati la vyombo, pazia la maua, na kile kitanda ukutani, alichokitengeneza Fundi mwenyewe. Cha chuma, kizito, kichwani kina nondo nene zilizopinda vizuri. Fundi akakitikisa kwa nguvu zote. Kimya. Hakikulia hata kidogo.

"Kizima hiki. Nilikwambia, chuma cha meli hiki. Mwisho wa dunia utakikuta hapa hapa."

"Saa hii hakilii," dada akasema. "Kinalia treni ikikaribia."

Spana ikamtoka mkononi.

"Kinalia vipi?"

"Kama mtu anapanda."

Akamvuta kaka yake karibu, akanong'ona ili mtoto asisikie.

"Kaka, mume wangu anarudi."

"Acha hayo. Hayo ni majonzi tu."

"Harudi kulala. Anarudi kusimama. Anapanda kitandani na viatu vyake vya machimboni, anabana mgongo ukutani, anakaa hivyo mpaka treni ipite. Halafu hayupo."

Fundi akatazama ukuta. Juu ya kitanda rangi ilikuwa imesuguliwa, umbo la mgongo wa mtu mrefu. Na vumbi jeupe. Vumbi la kokoto.

"Hilo ningelivumilia," dada akaendelea. "Ni mume wangu. Lakini jana nimemkuta mtoto naye kapanda. Kabana ukutani, kashika zile nondo. Namshusha, hataki. Ananiambia, niache mama... baba kasema nikiachia naanguka mtoni."

Fundi alitaka kuropoka kitu cha kuchekesha. Badala yake akazitazama zile nondo.

Maana alikuwa anajua.

Ilikuwa hivi. Shemeji yake alikuwa mvunja kokoto, mtu wa utani mpaka unamkimbia. Kila jioni alirudi kwa kukata darajani, treni ikija anaingia kibarazani na kumpigia dereva saluti kama askari. Ikatokea akaugua homa, akalala wiki nzima, sakafuni, godoro limechakaa. Fundi akamwonea huruma. Na kweli, huruma haikuwa ya uongo. Lakini chuma kizuri hakuwa nacho. Akakumbuka chuma kimoja, cha zamani, hakishiki kutu, hakina mwenyewe... Akaenda na grenda. Akakata kibaraza, akakibeba kwa mkokoteni, uzio ukawa kichwa cha kitanda, sakafu yake ikawa chaga. Akampelekea mgonjwa, akimwambia ni chuma cha meli iliyozama.

"Shemeji!" mgonjwa alisema akikilalia. "Hiki kitanda sijui kwa nini nimekizoea tayari."

Fundi alicheka siku hiyo. Alicheka sana.

Shemeji akapona. Siku ya kwanza kazini alichukuliwa nyumbani na lori la machimbo asubuhi, kwa hiyo daraja hakuliona. Fundi alijua kwamba jioni atarudi kwa miguu. Mchana kutwa alijiambia, nitamwambia. Nikimaliza hili dirisha, nitamwambia. Lakini kumwambia ilikuwa ni kukiri wizi, tena yeye Fundi Mbwembwe, mwenye chuma cha meli.

Dirisha alilimaliza.

Dereva wa treni alisema jambo moja tu pale msibani, na Fundi alilisikia. Alisema yule mtu hakukimbia wala kupiga kelele. Alifika katikati ya daraja, akanyoosha mkono kutoa saluti, akapiga hatua pembeni kwa utulivu kabisa. Kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Sasa kwa mbali, honi.

Vikombe kabatini vikaanza kugongana. Ti... ti... ti...

Harufu ikaingia. Grisi. Mawe yaliyolowa.

Kriii.

Godoro likabonyea. Shimo moja, la mguu. Halafu la pili.

Hakuna aliyeonekana.

Mtoto akamchomoka mama yake, akapanda, akabana mgongo ukutani pembeni ya yale mashimo mawili, akashika nondo. Fundi akamrukia. Akamvuta. Vile vidole vidogo vilikuwa vimekaza kama vimechomelewa, akavibandua kimoja kimoja huku mtoto anapiga mayowe, "Maji, mjomba! Maji!"

Alipomtoa alimtupia mama yake, akachukua grenda.

"Nakikata. Nakikata sasa hivi."

"Kaka." Dada hakupaza sauti. "We unajua nini kuhusu hiki kitanda?"

Treni ilikuwa ya mizigo, mabehewa marefu kama uongo wa Fundi. Akasema. Hakupamba, hakuongeza chumvi.

"Ni kibaraza cha darajani. Nilikikata mimi. Nilijua atapita jioni ile... sikumwambia."

Dada alimtazama mpaka Fundi akaona bora apigwe.

"Weka hiyo mashine chini."

"Mtoto ataangamia!"

"Weka chini. Ulimnyima pa kusimama mara moja. Unataka kumnyima tena, mbele yangu?"

Grenda ikashuka yenyewe.

"Mchukue mtoto. Alale kwako."

"Na wewe?"

Dada alimfunga mtoto mgongoni kwa kaka yake kwa khanga, akakaza fundo, akamsukuma nje. Komeo likaingia.

Fundi akabaki uani. Ardhi inatetemeka, mabehewa bado yanapita, hayaishi. Akaweka sikio mlangoni.

Kriii...

Hii ilikuwa nyepesi. Kama mtu anayevua ndala kwanza.

Mtoto akamwegemea shingoni, akanong'ona.

"Mama naye kapanda."

Fundi aligonga. Aliita. Alipiga teke mlango alioutengeneza mwenyewe, haukutikisika. Mpaka behewa la mwisho lilipopita, kukawa kimya, komeo likatoka taratibu.

Dada yake alisimama pale, mzima. Lakini nywele zilikuwa zimelalia upande mmoja, kama mtu aliyepitwa na kitu kikubwa kwa kasi. Miguu mitupu, mieupe kwa vumbi. Na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo tangu msiba hakuwa amelifanya.

"Nenda nyumbani, kaka. Mtoto asipigwe na baridi."

"Twende wote. Nakuomba, mdogo wangu."

"Shemeji yako anakusalimia." Akashika mlango kuufunga. "Anasema tukibanana, na wewe unaenea."

Hapo ndipo sifa zilipomwisha. Ukienda leo karakana kwake utamkuta anachomelea kimya, na mteja akimuuliza geti hili lina nguvu, anajibu tu, sijui. Dada yake wanaonana sokoni. Anamsalimia vizuri, kanawiri, halafu ikifika jioni anaaga kwa haraka, kama mtu anayesubiriwa.

Na Fundi, treni ikilia, anaacha kila kitu, anakaa chini. Mteja awepo asiwepo. Anakaa kwenye udongo, miguu kainyoosha mbele, anaitazama isije ikamsimamisha na kumpeleka kule kitandani. Wapita njia wanamcheka.

Yule mtoto, ambaye siku hizi analala kwake, hacheki. Anakuja mbio, anamkalia mapajani kwa uzito wake wote, anamshikilia mpaka treni ipite.