Waling'oa Kichwa cha Gia Mume Wangu Akiwa Bado Anapumua

Mume wangu alikuwa hai, amelala chumbani, wakati mdogo wake anang'oa kichwa cha gia ya gari lake uani...

Na aliyekuwa akimpa vifaa ni mama yao mzazi.

Wapendwa, nisikilizeni.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nabadilisha hiki kidude. Kimechakaa, kinatia kinyaa."

Kilichakaa kwa kiganja cha mume wangu. Ngozi iliyokifunika ilikuwa imelika upande mmoja.

Kikagoma kufunguka. Shemeji akakizungushia kitambaa, akakibana kwa koleo, akanyonga. Kikatoka. Akakitupa chini.

"Hilo gari lina mwenyewe," nikasema.

Mama mkwe hata hakugeuka.

"Mwenyewe atashika gia kwa mkono upi?"

Tangu kiharusi kimpige, mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwogesha, ninayemfulia mashuka. Mama mtu huja, huketi sebuleni, huaga.

Shemeji akafunga kichwa kipya, cha chuma cheusi. Akakikaza taratibu mpaka namba za gia zikakaa wima. Akakanyaga klachi, akajaribu ya kwanza, ya pili, ya nyuma. Anatabasamu.

Nikaokota kile cha zamani, nikakimbilia chumbani.

"Mume wangu, wanachukua gari lako. Sema neno moja tu, nikawazuie."

Siku hizi maneno humtoka kwa tabu. Akakitazama kile kidude, akanitazama mimi.

"Mwache... nilimpa."

"Lini?"

"Kabla... sijaugua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa... nakuacha. Sikutaka... ubaki nalo."

Sikupiga kelele. Nilimfuta udenda, nikamfunika vizuri, nikapanga nguo zangu kwenye begi huku ananitazama.

Nikatoka uani.

"Mama, mwanao ageuzwe sasa hivi, asije akatoka vidonda. Na chakula chake kisagwe, la sivyo kitampalia."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Unamwacha mgonjwa?"

"Yeye aliniacha akiwa mzima. Mimi ndiyo kwanza napata habari."

Shemeji akazima gari. Hakuna aliyenisindikiza.

Wapendwa, ugonjwa humlaza mtu kitandani, lakini moyo wake unabaki vilevile. Kabla hujajimaliza kwa kumuuguza, jua ulikuwa nani kwake alipokuwa anatembea.

Mniite katili, sawa tu. Nasikia shemeji hapokei simu za nyumbani, na mama mkwe analalamika mgongo.