Erthi ya Gari la Kulala

Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, Bosibori alikoroga chumvi kwenye ndoo ya maji. Kisha alikwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba, pale mumewe Osoro alipopigilia chuma ardhini. Waya ulitoka kwenye chuma hicho ukaingia kwenye gari. Ng'ombe alinyimwa chumvi, chuma kikapewa. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwao Itumbe mwezi huo wa Agosti.

Gari lenyewe lilikuwa Nissan kuukuu. Osoro aling'oa viti akaweka kitanda, taa tatu, feni ndogo na mahali pa kuchaji simu. Hakufanya hivyo kwa anasa. Mama yake, Nyanchera, aliumwa nyonga na hakuweza kulala chini kwenye hema. Kwa miaka mitatu alikosa makambi ya kanisa. Alibaki nyumbani akisubiri majirani warudi wamsimulie mahubiri. Mwaka huu Osoro alimwahidi kwamba atalala kitandani, ndani ya gari, karibu na hema kuu. Bosibori ndiye angelala naye.

Shida ilikuwa umeme. Taa za gari zilikuwa hafifu na zilipepesa. Fyuzi nayo iliungua kila gari lilipotembea. Kijana mmoja sokoni alitazama kidogo tu akasema, "Hizi taa hazina erthi."

Osoro alifurahi, maana erthi aliijua. Alipowekewa stima nyumbani, mafundi walipigilia chuma ardhini, wakamwambia amwagie maji ya chumvi. Akafanya vivyo hivyo kwa gari. Fyuzi nayo aliizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya majani chai. Haikuungua tena! Osoro akatembea kifua mbele kama mhandisi.

Siku ya Ijumaa, saa saba mchana, Bosibori aliinua godoro la gari ili atandike shuka safi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikamjia puani. Chini ya godoro palikuwa na alama nyeusi, kubwa kama sahani. Ilikuwa pale pale ambapo mama mkwe angeweka kichwa.

"Baba Linet! Njoo uone!"

Osoro alikuja, akatazama. Kisha akasema, "Makambi yanafunguliwa Jumapili asubuhi. Leo jua likizama ni Sabato, hakuna kazi tena. Sasa nifanye nini?"

"Sijui. Lakini mimi silali humu. Na mama halali humu."

Nyanchera alikuwa ameketi barazani, akasikia kila neno. Mkoba wake ulikuwa umeshafungwa, Biblia na kitabu cha nyimbo vikiwa ndani. Alianza kuufungua mkoba polepole, akatoa vitu kimoja kimoja. Bosibori aliona uchungu kuliko kama angelia.

Akachukua simu. Kule Suneka kulikuwa na Apondi, fundi wa waya za magari, aliyewahi kutengeneza pikapu ya kaka yake. Saa tisa Apondi alishuka kwenye pikipiki na mfuko wake wa vifaa.

"Kwanza tunatoa hii waya nyeusi ya betri," alisema. "Usiguse waya ingine kabla ya kutoa hii."

Alipozunguka nyuma ya gari, aliona chuma na udongo uliolowa, mweupe kwa chumvi. "Mama Linet, hapa mnapikia nani?"

"Ni erthi," Osoro alijibu haraka.

Apondi alicheka, lakini si kwa dharau. "Huyo kijana hakukudanganya, Baba Linet. Taa kweli hazina erthi. Lakini erthi ya nyumba ni udongo. Erthi ya gari ni bodi, hii chuma yake yote. Umeme unatoka kwa betri na waya nyekundu, unafika kwa taa, halafu unarudi kwa betri kupitia bodi. Njia ya kurudi ikiwa mbaya, taa inafifia."

Alionyesha waya mweusi wa taa. Ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya rangi ya gari. "Rangi haipitishi umeme." Alikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi kuzuia kutu.

Kisha alifuata waya mwekundu kwa mkono, kidogo kidogo, kutoka kwenye betri hadi kitandani. Alipofika kwenye tundu la bodi kando ya kitanda, pale waya ulipopitia, alisimama. Ukingo wa tundu ulikuwa umesugua waya, ganda limekwisha, shaba iko wazi.

"Gari ikitikisika, hii inagusa bodi. Ndiyo maana fyuzi ilikuwa inaungua. Ilikuwa inakukinga. Wewe ukaweka karatasi. Karatasi haikuungua, kwa hivyo waya ndiyo iliungua, chini ya godoro ya mama."

Osoro aliketi kwenye nyasi. "Ningemchoma mama yangu," alisema.

"Hujamchoma. Bibi yako ameinua godoro. Simama unishikie taa."

Apondi alikata waya ulioungua, akaweka mpya wenye unene ule ule. Akatia mpira kwenye tundu ili chuma kisikwangue tena, na waya wote akaufunga usining'inie. Fyuzi mpya aliiweka karibu na betri. "Ukubwa ni huu huu. Ikiungua, tafuta sababu kwanza. Usiweke kubwa zaidi, usiweke karatasi, usiweke chochote."

Akarudisha waya wa betri, akawasha. Taa zote tatu ziliwaka, nyeupe, bila kupepesa. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya chai.

"Mbuya mono!" Nyanchera alisema kutoka barazani, yaani asante sana. Akaanza kupanga tena mkoba wake. Bosibori alijikuta anafuta machozi kwa kanga.

Makambini, Jumatano mchana, taa zilizimika ghafla. Fyuzi ilikuwa imeungua. Jirani yao Ogoti alikuja mbio na kipande cha waya. "Weka tu hii, Osoro, mahubiri yanaanza!"

"Yaya," Osoro alikataa. "Fyuzi imetuambia kitu. Lazima nijue ni nini."

Alitoa waya mweusi wa betri. Akafuata waya mwekundu kwa mkono, polepole, huku nyimbo zikianza hemani. Alikuta mguu wa kitanda umekanyaga waya wa chaja, ganda limepasuka. Akautoa waya huo wote, akasogeza kitanda, akaweka fyuzi ya ukubwa ule ule. Taa zikawaka.

"Umechelewa kipindi chote cha kwanza," Ogoti alimtania.

"Mama hajachelewa," Osoro alijibu.

Ni kweli. Nyanchera alikuwa mstari wa mbele tangu saa nane. Bosibori alisikia sauti yake ikipanda juu ya zingine katika wimbo. Akapanda garini, akajilaza kwenye godoro, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akalala bila kunusa kwanza kama kuna kinachoungua.