Patipati za Rangi Mbili

Godoro lilishapanda juu ya pikapu na Dalmas alikuwa anakaza kamba, makachero wawili walipoingia getini, pale Kiamunyi, bila hodi.

"Mnahama?" akauliza Ooko, yule mzee, akiegemea gari kama lake.

"Tunaenda Busia, boss. Mimi na bibi yangu. Kuna shida?"

"Fancy amekufa. Amenyongwa Ijumaa kwa lojing'i ya Gilgil, ile ya madereva wa malori."

Sufuria ikamponyoka Chepkorir, mkewe. Fancy, rafiki yake! Si Dalmas alimwambia kwamba ameenda Longonot kwa mamake?

"Namba yako ndiyo ya mwisho kwa simu yake," Ooko akaendelea. "Ijumaa ulilala wapi?"

Dalmas hajafungua mdomo, Chepkorir akadakia:

"Alilala hapa. Nilimpikia mwenyewe."

Uongo. Dalmas aliingia kumekucha, amelowa chapachapa, akasema gari lilikwama na viatu vikabaki matopeni. Lakini Chepkorir angesema nini? Babake alishamwambia akimfuata huyo mwanaume asirudi nyumbani Ravine, hata kwa matanga. Dalmas ndiye kwao sasa.

Ooko akaandika, akafunga daftari lake. Mwenzake, Jerotich, mama mnene mpole, akauliza, "Dada, choo kiko wapi?"

"Huko nyuma, madam. Ngoja, usiloweshe viatu. Vaa hizi."

Akamsogezea patipati za choo, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Jerotich akavaa, akapiga hatua, akasimama. Akatazama miguu yake. Moja buluu, moja nyekundu, zote zimekatwa kisigino kwa kisu.

"Hizi zimetoka wapi?"

Dalmas akaachia kamba.

"Pale Gilgil zote ni hivi," Jerotich akasema polepole. "Wanachanganya rangi na kukata kisigino, ndiyo wageni wasiende nazo. Mhudumu alibisha, mtu akaruka dirisha. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda. Patipati za chumba ndizo hatujaziona."

"Korir," Dalmas akamwita mkewe, kwa ile sauti ya kuomba chai. "Waambie ni zako. Uliokota sokoni."

"Mimi?"

"Sema tu, mpenzi. Twende zetu."

Jerotich akatoa simu ya Fancy. "Alimwandikia Dalmas Ijumaa asubuhi. Nisome?"

"Soma," Chepkorir akasema.

"'Dali, mwambie Korir kabla mhame, ama nimwambie mimi. Hii tumbo haifichiki tena.'"

Chepkorir akashika kichwa. Nywele zilikuwa bado mpya, zimebana.

"Alinisuka Alhamisi," akasema. "Akaniuliza nikizaa nitaita mtoto nani. Tukacheka, madam. Tukacheka sana."

"Korir, usianze!"

"Na wewe nilikucheka, Dalmas, ulipoingia na hizi patipati. Nikakwambia umeuziwa na kipofu. Nikaziosha, nikaziweka choo." Akamgeukia Jerotich. "Hakulala hapa. Alikuja asubuhi, amevaa hizo."

"Nilifanya hivyo juu yako! Angetuharibia!"

"Usinitie hapo. Ungeniambia ningelia, ningekutukana, labda ningekusamehe. Sasa nikusamehe nini? Nikusamehe hadi kwa niaba ya Fancy?"

Ooko akatoa pingu. Dereva wa pikapu, bila kuambiwa, akaanza kufungua kamba.

Dalmas alikana mashtaka mpaka viatu vilipomtosha mbele ya hakimu. Yuko ndani, maisha. Ooko alistaafu, anafuga kuku. Jerotich alihamishwa. Mama Fancy alizika binti yake Longonot, na Chepkorir alikatazwa kutupa udongo kaburini. Alisimama barabarani mpaka watu wakaisha. Babake hakumfungulia mlango. Anaishi Gilgil sasa, anauza nguo kuukuu, nywele amenyoa. Lojing'i ilipakwa rangi mpya, ikapewa jina lingine. Patipati ni zile zile, buluu na nyekundu.